Kiyoyozi cha Beseni

Binti yangu aliponiambia kwenye simu kwamba safari hii pia atakodi teksi, nilimjibu asijisumbue, gari langu siku hizi lina kiyoyozi. Halikuwa na kiyoyozi. Halikuwa hata na feni. Lilikuwa na madirisha manne, mojawapo halishuki.

"AC?" akauliza. "Kwenye Beseni?"

"Ndiyo. Kwenye Beseni."

Nikasikia anazungumza na mtoto wake pembeni. Kisha akasema, "Haya baba. Basi utatupokea wewe."

Nikaweka simu mezani nikaiangalia. Mimi si mtu wa kusema uongo, ila nina hasira za karibu, na hasira zikishanipanda mdomo unatangulia mbele yangu. Ulikuwa umebaki mwezi na ushee kabla hawajafika.

Beseni ni gari langu. Limezaliwa kabla ya binti yangu, limeviringana mbele na nyuma, na ukilitazama kwa mbali ni beseni lililofunikwa kifudifudi. Watoto wa jirani ndio waliolibatiza. Mwanzoni nilikuwa nawafukuza, baadaye nikaona jina limelikaa, nikalikubali. Nilikuwa nalo nilipooa, nalo ndilo lililompeleka mke wangu hospitali mara ya mwisho. Sasa nimebaki nalo peke yangu kwenye nyumba ya vyumba vitatu, na kwa kweli ninakitumia kiti kimoja tu, kile kinachotazama geti.

Lazima niseme jambo moja kuhusu joto. Mimi nilikuwa mwokaji mikate. Maisha yangu yote ya kazi nimeyamaliza mbele ya mdomo wa tanuri, na ngozi yangu ilishakata shauri kutoshughulika na joto. Mtu akiniambia leo jua kali, huwa namwangalia nione kama anatania. Kwa hiyo walipokuja mara ya mwisho, mtoto alipoanza kulalamika kwenye kiti cha nyuma, nilijiambia huyu amedekezwa. Niliendelea kuendesha. Kufumba na kufumbua mtoto amelegea, midomo imekauka, mama yake anammwagia maji kichwani huku anaita jina lake. Kesho yake asubuhi teksi nyeupe ilikuwa imeegeshwa nje ya geti langu, vioo vimefungwa, injini inanguruma.

Likizo nzima walipanda ile teksi. Na mimi je? Mimi nilifuata nyuma na Beseni. Walipokwenda sokoni, niko nyuma. Walipokwenda kumwona shangazi, niko nyuma. Mtoto alikuwa anageuka kwenye kioo cha nyuma ananipungia mkono, nami nampungia. Siku moja kwenye taa za barabarani dereva wa teksi akatoa kichwa nje akaniuliza, "Mzee, unatulinda au unatufuatilia?" Mpuuzi yule. Tulikwenda hata makaburini hivyo hivyo, msafara wa magari mawili, na mimi peke yangu kwenye la pili. Nilipofika kwenye kaburi la mke wangu wao walikuwa wamekwisha kumwagilia maua. Sikutaka jambo lile litokee tena. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka: wapande kwangu, tukae ndani ya gari moja.

Nilikwenda kwa fundi umeme wa magari, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili, ambaye gereji nzima inamwita Mama Cheche. Alifungua boneti, akainama. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Mzee wangu," alisema akijifuta macho kwa mgongo wa mkono, "gari hili ni la volti sita."

"Najua ni la volti sita. Ni langu."

"Taa zake ukiziwasha, si lazima ushuke ukaangalie kama zimewaka?"

"Zinawaka."

"Basi sikiliza. Kompresa ya AC inazungushwa na injini, hiyo haina neno, tutatafuta ndogo. Lakini klachi ya kompresa inashikwa na umeme, na ile feni ya kupuliza inakula umeme sana. Zote zinataka volti kumi na mbili. Dainamo yako hii ikilisha taa na honi kwa wakati mmoja inashukuru Mungu. Hatuwezi kuitwisha na mzigo huo."

Akanieleza njia mbili. Ya kwanza ni kuligeuza gari zima liwe la volti kumi na mbili: ubadilishe dainamo, koili, betri, balbu zote, mota ya waipa, kila kitu. Nikamwambia asiguse hata balbu. Nililipata likiwa na volti sita na nitaliacha likiwa na volti sita.

"Kichwa ngumu," akasema, wala hakushusha sauti.

Njia ya pili ilikuwa kuliacha gari kama lilivyo, halafu kulifungia umeme mwingine pembeni, wa kiyoyozi peke yake. Altaneta yake ya kufua umeme, mkanda wake, betri yake kwenye buti, nyaya zake.

"Gari moja, nyumba mbili," Mama Cheche alisema akinionyesha kwa vidole. "Sita akae kwake, kumi na mbili akae kwake. Wasitembeleane. Umenisikia, mzee wangu? Wasitembeleane kabisa."

"Nimesikia."

Kazi ilianza, nami nikawa nakwenda gereji kila siku. Hapakuwa na haja, naelewa. Gari haliharakishwi kwa kukodolewa macho. Lakini pale kulikuwa na kelele za watu, nyundo, matusi madogo madogo na mtu wa kumwambia habari za asubuhi. Nilijipatia ndoo ya rangi iliyopinduliwa nikaifanya kiti. Nilikuwa nabeba mkate niliouoka mwenyewe, tunaumega na Mama Cheche kwa chai, naye anaula huku akiukosoa kwamba chumvi imezidi. Chumvi haikuzidi. Nimeoka mikate kabla yeye hajaota meno.

Nilimwona akichomelea vishikio vya kompresa kwenye ubavu wa injini, akavikata, akavichomelea upya kwa sababu mkanda ulikuwa unakwenda upande. Nilimwona akifunga kile kidude kinachofanana na rejeta mbele ya rejeta yenyewe, na sanduku la kupulizia upepo chini ya dashibodi, mahali ambapo mke wangu alikuwa anapumzishia miguu. Betri mpya ilikaa kwenye buti ndani ya sanduku la mbao, ikalijaza buti karibu lote.

Siku moja aliniuliza akiwa chini ya gari, miguu tu inaonekana, "Mzee, kwani nyumbani huna watu?"

"Ninao."

"Wako wapi?"

"Wanakuja," nikasema.

Miguu ikatulia kidogo, halafu akaniomba nimpitishie spana. Tangu siku ile hakuniambia tena niende nyumbani nikapumzike.

Gesi ilipokwisha kujazwa, aliwasha injini, akabonyeza swichi, sanduku likaanza kuvuma. Akanishika mkono akauweka mbele ya matundu.

"Unasikiaje?"

"Nasikia upepo."

"Wa baridi?"

"Upepo."

Alidhani namtania. Sikuwa namtania. Baridi kiasi nilikuwa naisikia, lakini ni baridi ya kumtosha mtoto? Hilo ngozi yangu haikuweza kuniambia, na mwenye ngozi ya kawaida, yaani Mama Cheche, alikuwa anasifia kazi yake mwenyewe. Nikalipeleka gari nyumbani nikalipima kwa njia ninayoijua. Nilikanda unga na hamira, nikakata madonge mawili sawasawa. Moja nikaliacha kwenye bakuli jikoni. La pili nikaliweka kwenye kiti cha nyuma, pale pale mtoto atakapokaa, nikafunga vioo na kuzunguka nalo mjini jua la mchana likiwa limesimama. Watu walikuwa wananishangaa, mzee anaendesha, bakuli limekaa nyuma kama mheshimiwa.

Niliporudi, donge la jikoni lilikuwa limeumuka mpaka limepanda ukingo wa bakuli. La kwenye gari lilikuwa vile vile nilivyoliacha, limenuna, gumu, la baridi. Nilifurahi nikacheka kwa sauti. Nilicheka peke yangu pale jikoni mpaka kicheko kikaisha, nikabaki nasikiliza friji. Nilitamani kuwe na mtu wa kumwonyesha yale madonge mawili.

Furaha ndiyo iliyoniponza. Ndani ya Beseni kulikuwa na redio ya asili, ya volti sita kama gari lenyewe, yenye sauti ya mtu aliyefunikwa blanketi. Nikawaza: kule nyuma kuna betri kubwa yenye nguvu zote zile, kazi yake ni kuzungusha feni tu. Si uchoyo huo? Nikavuta waya kutoka kwenye buti, nikaupitisha chini ya zulia, nikaunganisha redio. Ilitoa sauti kubwa sana, neno moja tu la mtangazaji, halafu ikatoa moshi.

Nilimpelekea Mama Cheche redio mikononi. Aliinusa.

"Nilikwambia nini?"

"Wasitembeleane."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nilidhani watasaidiana."

Alitaka kunigombeza, nikamwona kabisa amevuta pumzi, kisha akaiachia. "Hii basi tena, mzee wangu," akasema. "Hii ndiyo kwaheri." Akairudisha kwangu taratibu, akaenda kunawa mikono.

Niliumia kuliko nilivyotegemea. Nilikuwa nimekwisha kuchagua na stesheni, ile inayopiga nyimbo za zamani. Sikujua, mpaka siku ile, jinsi nilivyokuwa nimeitegemea ile redio katika safari ya kutoka uwanja wa ndege.

Wakafika. Binti yangu alikuwa amevaa miwani, kitu nilichokuwa sikijui, na mtoto alikuwa ameng'oka jino la mbele.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Karibuni, karibuni. Gari lile pale."

Tulipofungua buti ndipo nilipokumbuka kwamba lina betri. Sanduku lao lilikuwa kubwa. Tulilisukuma, tukalilaza, tukalisimamisha, halikuingia, na mwisho wake likakaa kiti cha mbele karibu na mimi. Wao wakaingia nyuma. Kwa hiyo nikaondoka uwanja wa ndege mimi mbele na sanduku, abiria wangu nyuma, na mtu yeyote aliyetuona aliona mzee anayeendesha teksi.

Nikawasha kiyoyozi. Feni ikaanza kuvuma.

"Baba!" binti yangu akasema. "Kweli ni baridi! Hongera."

"Fundi ndiye."

"Hongera sana."

Halafu basi. Maneno yakaishia pale. Nilingoja. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba raha yao ya safari iliyopita ilitokana na ubaridi wa ile teksi. Nilipokuwa nyuma yao nilikuwa naona vichwa vyao vinatikisika kwa kicheko, hata dereva anacheka, nikajiambia ndiyo hivyo, mtu akipata hewa nzuri mazungumzo yanakuja yenyewe. Sasa hewa ilikuwepo, vioo vimefungwa, redio hakuna, na kilichosikika ni feni. Nikaanza kueleza habari za altaneta. Nilieleza betri mbili, mkanda, volti sita na volti kumi na mbili. Binti yangu akawa anaitikia, "Mm," na "Aa," kwa adabu, kama mtu anayesomewa masharti ya bima.

"Babu, hiki ni nini?" mtoto akauliza akigusa kisahani cha zamani cha majivu ya sigara mlangoni.

"Shh," mama yake akamwambia.

Tukaenda. Mtoto akaanza kuimba kawimbo fulani ka shuleni kwao.

"Shh. Usimsumbue babu."

Mtoto akanyamaza mara moja, bila kununa, kama aliyezoea kwamba ukiwa karibu na babu ndivyo inavyokuwa. Alipojaribu mara nyingine kuniita, mama yake akamwekea kidole mdomoni.

Nikashindwa kuvumilia. "Unamnyamazisha kwa nini? Mwache aseme!" Ilitoka kwa ukali kuliko nilivyokusudia.

"Asikusumbue, baba."

"Ananisumbua nini? Naendesha. Sijalala."

Nikamwona kwenye kioo amenitazama, kisha akatabasamu kidogo, tabasamu la kuomba radhi.

"Mazoea, baba," akasema.

"Mazoea gani?"

"Si ulikuwa unafanya kazi usiku? Mchana ulikuwa umelala. Mama alikuwa hataki kelele. Tulikuwa tunakula kwa vijiko vya mbao ili visigonge sahani. Nikitoka shule navua viatu getini. Nimekua nikicheza kwa kunong'ona." Alikuwa anasema bila lawama hata chembe, anasimulia tu, kama unavyosimulia nyumba ilikuwa na rangi gani. "Mama alimfundisha mpaka paka."

"Kila siku?"

"Mpaka naolewa, baba."

Niliendesha. Niliumia, tena niliumia vibaya. Mimi nilikuwa najua nyumba yangu ni tulivu. Nilikuwa najisifu kwa waokaji wenzangu, wao wanalalamika watoto hawawaachi walale, mimi natamba kwamba kwangu ukilala umelala. Niliuona ule utulivu kama hulka ya watu wangu. Kumbe walikuwa wawili, mama na mwanawe, wanaishi maisha yao yote upande wa pili wa mlango kwa kunong'onezana, na mimi upande wangu nimelala. Joto lenyewe lilikuwa halina kosa lolote. Hata ningelitia Beseni barafu, huyu mtoto wangu angekaa humu ndani kimya kwa sababu baba yupo.

Nikatafuta la kumwuliza. Hili ndilo lililonitia aibu zaidi. Mtu wangu wa kumzaa amekaa nyuma yangu, amesafiri kutoka mbali, nami nazungusha akili nzima nikitafuta swali moja linaloanzia mahali ninapopajua, silioni. Kwenye simu tulikuwa tunaulizana mvua. Habari zake zote nilikuwa nazipata kwa mama yake, na mama yake alipoondoka aliondoka nazo.

"Huko kazini kwako," nikasema mwisho, "ukifika asubuhi, huwa unaanzia wapi?"

"Kazini?"

"Ndiyo. Kitu cha kwanza kabisa. Mimi nilikuwa naanza na hamira. Wewe unaanza na nini?"

Alinitazama kwenye kioo, nikadhani nimemkera. Kisha akaanza kujibu. Niliona midomo inakwenda kwenye kioo, lakini sauti yake ilikuwa ile ile aliyojifunzia nyumbani kwangu, ya chini, ya kupita karibu na ukuta, na ile feni ya Mama Cheche ikaimeza yote.

"Sikusikia."

Akarudia. Nikapata neno moja, vumbi.

"Bado sikusikia, mama."

"Si kitu, baba," akasema, akageukia dirishani.

Nikanyoosha mkono nikazima kiyoyozi. Kompresa ikaachia, feni ikazunguka ikichoka, ikasimama. Vioo nikaviacha vimefungwa, maana upepo wa nje nao ungempokonya maneno.

"Sema sasa," nikamwambia.

"Nilisema naanza kwa kufuta vumbi. Natengeneza vioo vya miwani, baba. Mashine ya kusagia vioo haitaki vumbi hata kidogo."

Siku zote nilikuwa nawaambia majirani binti yangu yuko ofisini. Nikamwuliza baada ya kufuta vumbi anafanya nini. Akanieleza. Nikamwuliza kioo kinasagwaje, kinajulikanaje kwamba kimefika. Akanieleza, na safari hii alisogea mbele, akashika mgongo wa kiti changu. Akanisimulia juu ya msimamizi wake anayekagua kila kioo kwa kukilamba, na siku aliyosaga jozi nzima ya mteja kichwa chini miguu juu, mteja akavaa akaenda kugonga mlango wa kabati akidhani ndio wa kutokea. Alicheka. Ana kicheko kikubwa, sikuwa nakijua. Nikaipita kona ya nyumbani kwetu nikanyoosha moja kwa moja, naye aliiona, hakusema kitu.

Mimi joto silisikii, lakini kwenye kioo nilikuwa naona jasho linamteremka kwenye paji la uso, miwani inateleza puani, anaipandisha kwa kidole na kuendelea. Mtoto alikuwa amejilaza mlangoni, nywele zimemganda.

"Mama, joto," mtoto akasema. "Mwambie babu awashe."

Nikapeleka mkono kwenye swichi.

"Subiri kidogo," binti yangu akamwambia, kwa sauti ya juu kabisa. "Naongea na baba yangu."